Kikapu cha Kahawa Juu ya Kabati

Asubuhi ya uteuzi, Gaudiosa alifika ukumbini Muleba saa mbili kasoro, akafagia, akapanga viti mia mbili na kumi na vinne, kisha akaandika ratiba ubaoni kwa chaki. Ratiba iliishia saa nane kamili. Hakuna kikao cha chama katika kata yao kilichowahi kuvuka saa nane, kwa sababu saa hiyo Ta Kagaruki hujilaza nyumbani kwake Kahororo, Bukoba, na wajumbe wote husinzia papo hapo vitini mpaka atakapoamka. Gaudiosa alikuwa katibu wa kata kwa miaka kumi na tisa, na ratiba alijua kuipanga.

Ta Kagaruki hakuwa na cheo chochote. Alistaafu miaka kumi na minne iliyopita, akafanyiwa sherehe, akapewa kiti cha kuegemea na saa ya ukutani. Lakini enzi zake, kila aliyetaka kuwa mtu ndani ya chama alipita sebuleni kwake, na kila aliyepita alinyooshewa kikapu kidogo cha akamwani, kahawa ya kutafuna anayopewa mgeni katika nyumba yoyote ya Kihaya. Waliotafuna kahawa yake walibaki naye. Akijikuna sikio la kushoto, nao wanajikuna. Akipata mafua, maduka ya dawa Muleba huishiwa vidonge. Zamani walipiga kura kwa karatasi, ila karatasi zote zilitoka na mwandiko wake uliolalia kushoto, na wakubwa wakasema haipendezi. Ndipo wakaanza kunyoosha mikono.

Gaudiosa hakuwahi kuitafuna. Alikuwa na vidonda vya tumbo, daktari akamkataza kahawa, kwa hiyo sikio lake lilimwasha kwa wakati wake mwenyewe.

Mwaka huo aliomba udiwani. Alitaka kitu kimoja tu, wala hakukificha: boti ya wagonjwa kwa kijiji cha kisiwani. Miaka mitatu nyuma alikwenda huko kugawa kadi za chama, akarudi kwa mtumbwi mmoja na Limi, muuza dagaa, aliyekuwa akimkimbiza mdogo wake kujifungua. Mtoto alizaliwa katikati ya maji, akafa kabla hawajaona nchi kavu. Gaudiosa alimfunga kwa khanga yake mwenyewe. Tangu siku hiyo alikuwa na hasira isiyomtoka hata kanisani.

Mpinzani wake alikuwa Damian, mpwa wa Ta Kagaruki, kijana mwenye viatu vizuri. Kila mtu alijua mambo yameshakwisha. Lakini Gaudiosa alikuwa na Ma Oliva, mke wa mzee, aliyezaa watoto saba na kumzika mmoja. Kikapu cha kahawa kilikaa juu ya kabati refu la sebuleni. Wanawake hao wawili walikubaliana kwa simu.

Saa tano na dakika tano, msimamizi aliuliza nani anamtaka Damian. Kule Kahororo Ta Kagaruki alikuwa akifunga kamba za viatu, na wajumbe wote wakainama. Saa tano na dakika kumi akauliza nani anamtaka Gaudiosa. Ma Oliva alimwambia mumewe kwamba mgeni yuko mlangoni, ashushe kikapu. Mikono mia mbili na kumi na minne ilipanda juu, vidole vikapapasa hewani kwa muda, kwa kuwa kikapu kilikuwa kimesukumwa nyuma ya kabati. Damian naye alinyoosha, maana alitafunishwa kahawa hiyo tangu angali mdogo. Msimamizi akahesabu, akaandika, akatia sahihi.

Baada ya uchaguzi na kuapishwa, Gaudiosa alipanda basi kwenda Bukoba, akapita Miembeni kununua kilo mbili za sukari, akaenda Kahororo kushukuru kama inavyotakiwa.

"Kasinge, waitu," alisalimia, amepiga magoti.

Ta Kagaruki alipokea sukari na kusema hakuna cha kumshukuru. "Mimi nilishastaafu, mwanangu. Siingilii mambo ya chama. Kazi ni yenu sasa." Alisema kwa moyo mweupe, na aliamini kila neno. Kisha akamnyooshea kikapu.

Gaudiosa alifikiria vidonda vyake. Alifikiria pia kwamba diwani anayekataa kahawa ya nyumba hii hatapata mtu wa kumuunga mkono hata kwa ndoo ya rangi. Na kumkatalia mzee mbele ya mkewe, hakujua angeanzia wapi. Alichukua punje mbili akatafuna. Ndani ya basi la kurudi goti la kushoto lilianza kumuuma, goti ambalo halikuwahi kumsumbua maishani.

Januari, madiwani wa chama, kumi na wanne, walikaa kukubaliana mambo ya kupeleka kwenye bajeti. Limi alivuka ziwa tangu alfajiri, akaketi benchi la nyuma. Mdogo wake alikuwa na mimba nyingine, ya miezi saba. Boti ilipangiwa saa saba kamili. Ma Oliva alikuwa ameeleza kwamba kikapu sasa kinakaa mezani, mzee analalamika bega, lakini atamtafutia kitu cha juu.

"Saa saba kamili nitamwomba anishushie koti," alisema. "Msichelewe, mwanangu. Baada ya hapo ni chakula."

Mwenyekiti alichelewa nusu saa. Saa saba kamili walikuwa bado kwenye rangi ya ofisi ya chama. Mikono yote kumi na minne ilipanda, wa Gaudiosa ukiwemo, na rangi ikapita. Saa saba na nusu ikasomwa boti. Gaudiosa aliusimulia mtumbwi, khanga na mtoto, huku yeye na wenzake wakisugua viganja taratibu, kwani Kahororo maji ya kunawa yalikuwa yameletwa.

Mwenyekiti akaomba wanaounga mkono wanyooshe mikono.

Gaudiosa aliuamuru wa kwake. Ulitoka mapajani, ukafika kifuani, ukafika mdomoni, ukarudi chini. Ukapanda tena na kuishia mdomoni. Alitaka kuusukuma kwa mkono wa kushoto, lakini wa kushoto ulikuwa umeshika sahani ya Kahororo. Kuzunguka meza mikono kumi na minne ilikwenda na kurudi bila haraka. Katibu mpya, Abel, aliyehamishwa kutoka mkoa mwingine na ambaye bado hajakaribishwa Kahororo, aliwatazama wote kwa zamu, akaandika kwamba hakuna aliyeunga mkono.

Limi alisimama, akakaza khanga kiunoni. Aliutazama mkono wa Gaudiosa, kisha uso.

"Mama Diwani," aliuliza, "ndiyo basi?"

Gaudiosa aliona aibu iliyomchoma mpaka machoni, na alitaka sana kumjibu. Lakini kinywa chake kilikuwa kimejaa ndizi na maharage, yamekolea chumvi, na hakulelewa kuongea huku anatafuna.