Chumba Kisicho na Mlango

Mwalimu wa historia wanafunzi walimwita Mwalimu Tarehe, maana hakuweza kumaliza sentensi bila kutaja mwaka. Muhula ule aliwashangaza. Alisema hataki insha. Kila mmoja angeokota kikaratasi kwenye kopo, asome habari za mtu wa karne za kati, kisha ayaoneshe maisha yake kwa kitu cha kutazamwa.

"Choreni, shoneni, jengeni, shauri yenu," alisema. "Nikikuta aya ya kunakili, nachana."

Mvulana aliyekaa dawati moja na msichana aitwaye Kimya aliokota askari wa farasi, na siku hiyohiyo akaanza kuokota vizibo vya soda ili amtengenezee deraya, vazi la chuma la vitani. Mwingine alipata msafiri. Akaiba shuka la mama yake achore ramani. Kimya mwenyewe, binti aliyepewa jina hilo nyumbani kwa kuwa maneno yake yalikuwa ya kuhesabu, aliokota mwanamke asiye na jina. Kitabu cha historia kilimpa nusu ukurasa tu. Alikuwa mtawa aliyeomba, kwa hiari yake, ajengewe chumba ubavuni mwa nyumba ya ibada, na mlango uzibwe yeye akiwa ndani. Aliachiwa kidirisha cha kupitishia chakula. Aliishi humo miaka thelathini na mmoja, akafia humo. Picha yake haikuwapo.

Baba yake Kimya alikuwa mwashi. Aliposomewa habari hiyo alisita kidogo, kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni.

"Huyo fundi aliyeziba mlango," akauliza, "alipata usingizi kweli?"

Hata hivyo alimsaidia. Walichukua boksi kubwa la jokofu, wakaliweka stoo nyuma ya nyumba. Kimya alilowesha magazeti, akayaponda, akachanganya na gundi ya unga, akafinyanga mawe. Baba alisimama nyuma yake na kukosoa. "Usiyapange kama vitabu. Kiungo kisikae juu ya kiungo, ukuta utacheka, upasuke." Ndani Kimya aliweka mkeka mdogo, kigoda, kikombe cha udongo na kitabu kilichofunuliwa. Kisha akajaribu kumfinyanga mwanamke mwenyewe. Kichwa kilipasuka. Akarudia, kikapasuka tena. Mara ya tatu akanyoosha mikono.

"Basi chumba kibaki kitupu," alimwambia baba. "Atakayechungulia atamwaza mwenyewe."

Ukuta ulikauka kwa siku mbili, isipokuwa kando ya kidirisha. Hapo palibaki na unyevunyevu, na Kimya alipopagusa palikuwa na joto, kama kioo kilichohemewa. Alimwita baba. Baba akaweka kiganja, akakiondoa haraka.

"Hewa tu," akasema. Lakini alitoka na mwiko wake wa uashi, na hakuingia tena stoo hadi siku ya kulibeba boksi.

Maonesho yalifanyika asubuhi, katika ukumbi wa shule, mapazia yote yakiwa wazi. Kazi ya Kimya iliwekwa kwenye meza ya pembeni na kibandiko chini yake: *Aliingia kwa hiari yake.* Wa kwanza kuchungulia alikuwa yule wa vizibo vya soda. Alikaa pale, jicho kidirishani, mpaka waliokuwa nyuma wakaanza kunung'unika.

"Mikono umeiwezaje?" akauliza alipoinuka. "Hadi mishipa."

Kimya alidhani anataniwa. Akaja mwingine, akasema afadhali angemgeuza uso, maana mgongo peke yake unatisha. Mama mmoja mzazi alichungulia, akamvuta mwanawe mkono wakaondoka. Mwalimu Tarehe naye aliinama. Alipoinuka alikuwa amepauka midomo.

"Ni kazi nzuri," alisema taratibu. "Ila amenitazama."

Foleni ilipokatika Kimya akachungulia. Aliona mkeka, kigoda, kikombe, kitabu. Hapakuwa na mtu. Akabadilisha jicho. Hapakuwa na mtu. Alishtuka, wala si kwa alichokiona. Ni kwa kuwa yeye aliyekijenga chumba ndiye pekee asiyeoneshwa.

Kabla ya saa sita baba alifika akiwa amemshika bibi mkono. Bibi huyu, mama yake baba, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Aliona mwanga na kivuli, basi. Aliomba apelekwe kwenye kazi ya mjukuu wake. Kimya alimvutia kiti. Bibi alipapasa ukuta, vidole vikafuata viungo vya mawe hadi kidirishani. Hakuweka jicho. Aliweka sikio.

Alikaa hivyo muda mrefu, akiitikia kwa sauti ya chini kama mtu anayepewa habari za msiba. "Ee. Ee, mwanangu. Pole." Watu wawili watatu walitabasamu: uzee huo. Kimya hakutabasamu. Alimwinamia.

"Bibi, unaongea na nani?"

"Mjukuu wangu, nani kakwambia huyu aliomba?"

"Kitabu, bibi."

"Kitabu kimedanganywa. Anasema hakuomba yeye. Waliomwombea ni kaka zake. Anasema alipiga ukuta mpaka chokaa ikakauka, na fundi alikuwa anasikia."

Baba aligeukia dirisha la ukumbi, akatazama nje.

Kimya hakuuliza la pili. Alichomeka vidole kwenye kidirisha, akavuta. Mawe ya karatasi yalitoka kwa mapande, mazito kuliko alivyoyatengeneza. Mwalimu Tarehe alikuja mbio akipiga kelele kwamba alama bado hazijatolewa. Binti hakusikia, au alisikia akapuuza. Baba ndiye aliyeacha dirisha, akaja akashika upande wa pili, na kwa mikono yake ya kazi akaupasua ukuta toka juu hadi chini, upana wa kupita mtu.

Hewa ya baridi ikawapita miguuni, mapazia ya upande wa mlango yakainuka mara moja, yakatulia. Ndani ya boksi mlikuwa na mkeka, kigoda na kitabu. Kikombe kilikuwa na maji, na hakuna aliyekuwa ametia maji.

Mwalimu alivitazama vifusi, akafungua daftari, akalifunga bila kuandika. "Nendeni nyumbani," akasema. "Nitawapigia simu."

Walitembea kwa miguu. Njia ilikuwa nyembamba, imepita kati ya kuta mbili. Baba alitangulia, Kimya akafuata nyuma. Bibi alikataa kushikwa mkono. Alitembea akijibana ukutani kabisa, polepole, kama mtu anayempisha mwenzake aliyesahau kutembea, na mara kwa mara alisema, "Usiharakishe. Jua lipo la kutosha."

Kimya alitazama nafasi iliyoachwa kando ya bibi, akapunguza mwendo asije akaikanyaga.