Marekebisho ya Baba Mdogo

Waigizaji walimaliza kuusoma mchezo mpya wa Jovita wakiwa wamekaa vitini tu, kwenye ukumbi wa Rwamishenye, bila mavazi wala jukwaa. Mchezo hupikwa hivyo: kwanza usomwe, watu waukosoe bila huruma. Kisa alikitunga mwenyewe. Mtu anampa rafiki yake kahawa ya kutafuna, yenye sumu, na rafiki anakufa ameshika tumbo.

Baba mdogo wa Jovita, Rutaihwa, akasimama kati ya wasikilizaji.

“Umekosea, mwanangu. Hakushika tumbo. Alishika koo.”

Jovita akamgeukia. Baba yake alikutwa amekufa peke yake shambani Izigo, na wote walisema ni moyo.

Rutaihwa akatoa kifuko, akamnyooshea kahawa mbele ya watu.

Kwao, kahawa ya mkubwa haikataliwi. Jovita akakinga kiganja.