Pedi ya Bure

Mashine ya gemu iliwaka, kisha kioo kikaandika: "Kifaa hiki hakijaidhinishwa. Kimezuiwa kwa usalama wako."

Kapteni akabonyeza tena kwa kidevu. Akabonyeza kwa kisigino. Wapi!

Mikono yake yote miwili ilibaki kiwandani, kwenye mtambo wa kukandamiza plastiki, miaka sita iliyopita. Kibao alichochezea alitengenezewa na fundi redio wa mtaani: vitufe vinne vipana vya miguu, kijiti cha kidevu, nyaya zilizoshikwa kwa utepe. Kwa kibao hicho aliongoza wenzake kumi wa mtandaoni ambao hawakuwahi kumwona. Akikosa bao walimtukana kama walivyotukanana wenyewe. Hakuna aliyempa pole. Hilo ndilo alilolipenda.

Leo ilikuwa nusu fainali, saa kumi. Sasa saa tisa na nusu.

Kaka yake alimwita fundi mbio. Fundi akajaribu kitufe kimoja kimoja.

"Kibao kizima. Ni mashine iliyojisasisha jana. Kifaa kisicho na nembo yao hakipiti tena."

"Si utie hiyo nembo?" kaka akauliza.

"Wanawapa wakubwa wenzao, bwana. Mimi watanijulia wapi?"

Wakapiga simu kampuni. Kaka akamshikia sikioni.

"Pole kwa usumbufu, mteja," akasema binti wa huduma. "Tumezuia vifaa hivyo kukomesha udanganyifu."

"Mimi nimemdanganya nani, mdogo wangu?"

"Ni utaratibu, mteja."

"Mnauza cha kuchezea kwa miguu na kidevu?"

Kibodi ikagongwagongwa. "Kwa sasa hapana. Ila tutakutumia pedi yetu halisi ya gemu, ile ya kushika kwa mikono miwili, bure kabisa."

"Umenisikia lakini? Sina mikono."

"Nimeshaandika, mteja. Kuna lingine?"

Saa kumi ikapita. Ujumbe ukaingia: *Kapteni uko wapi?* Halafu: *Kapteni kaingia mitini, mtoeni.*

"Niwaeleze?" kaka akauliza.

"Thubutu!"

Wiki iliyofuata mleta mizigo akambishia Kapteni hodi na boksi linalong'aa la pedi.

"Lazima nikupige picha umeshika mzigo, dada. Bila hivyo mfumo haukubali."

Kisha akaona. Akajikuna kichwa, akatazama saa. Akamwekea boksi mapajani, akaikunjua mikono mitupu ya gauni lake, akailaza juu ya boksi, mmoja huku, mmoja kule. Akarudi nyuma hatua mbili, akainua simu.

"Tabasamu kidogo, dada."