Maharage ya Tarehe Nne

Kitambulisho cha Annonciata kinasema alizaliwa tarehe moja Januari, sawa na nusu ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Ukimwambia karani wa mapokezi kwamba siku uliyozaliwa mvua ilinyesha, huandika tarehe moja Januari na kuita mwingine. Ukiamini vitambulisho, Warundi na Wakongomani wote huzaliwa pamoja alfajiri ya mwaka mpya, halafu wakunga wanalala mpaka Desemba.

Lakini yeye alikuwa na siku yake ya kweli. Mama yake alipofariki alimwachia sufuria moja na sentensi moja: "Ulizaliwa siku ya jina lako, nikitoka misa." Siku ya jina lake ni sherehe ya Kupashwa Habari Maria, na kalenda huiweka tarehe 25 Machi. Basi kila tarehe 25 Machi Annonciata alinunua soda na chapati mbili, akafunga mlango wa chumba alichopanga Mbarara, akajiimbia kwa sauti ya chini, jirani asije akaomba chapati ya pili. Jirani hakuwahi kuomba. Hata jina la Annonciata halijui.

Kazi yake ni kukagua kalenda za ukutani kwa mzee Mbabazi, mwenye duka la kuchapa. Anahakikisha Siku ya Mashahidi wa Uganda iko tarehe tatu Juni, Uhuru tarehe tisa Oktoba, na Siku ya Wakimbizi haijasahauliwa, maana wakimbizi wenyewe hawasahau. Mzee ana sheria moja tu: kila jambo lazima lipate mashahidi wawili.

Oktoba hii walikuwa na oda ya parokia, kalenda ya mwaka 2027. Annonciata alifika Machi akakuta kisanduku cha tarehe 25 kimebeba mizigo miwili: Alhamisi Kuu na Kupashwa Habari. Akafungua kitabu cha sikukuu alichopewa na katekista. Kilisema wazi: sherehe hiyo ikiangukia Juma Kuu au juma la Pasaka, husogezwa mbele hadi Jumatatu baada ya juma la Pasaka. Akasahihisha: tarehe tano Aprili.

Kisha mkono ukasimama. Mwaka aliozaliwa yeye, 2005, je?

Akatafuta. Tarehe 25 Machi 2005 ilikuwa Ijumaa Kuu. Siku isiyo na misa. Mama yake angetoka misa gani? Sherehe mwaka ule ilikuwa Jumatatu, tarehe nne Aprili.

Kwa hiyo ana siku tatu za kuzaliwa: ya karani, ya soda, na hii. Na mgeni hata mmoja hana. Alicheka. Kicheko kikaishia njiani.

"Nyabo, mbona unacheka na karatasi?" mzee Mbabazi aliuliza.

"Nina shahidi mmoja tu, mzee."

"Mmoja hapana tosha. Tafuta ingine."

Ingine atoke wapi? Mama Ancilla wa Juru, kule kambini, rafiki wa zamani wa mama yake na aliyemlea tangu akiwa na miaka minane, alizikwa Februari. Hakuwa mtu wa keki wala wa maneno. Tangu Annonciata ahamie mjini alimtumia maharage tu, kikombe kimoja kimefungwa kitambaani, mara moja kwa mwaka. Tena majira ya kupanda, wakati mbegu iko ardhini na Juru nzima inahesabu punje! Annonciata aliona ni uzee. Mwaka huu hayakuja, na hakuyaulizia.

Alitoka nje akampigia Salvator, dereva wa pikapu ya nyanya, aliyekuwa akiyaleta.

"Kaka Salvator, yale maharage ya mama Ancilla uliyaleta tarehe ngapi?"

"Weye! Yamekuwa na wadudu?"

"Jibu tu."

"Tarehe ine, mwezi wa ine. Mara zote. Siku moja nikamwambia, mama, nina safari tarehe mbili, nipe nipeleke. Akakataa! Akasema yafike tarehe ine, na nikwambie usile peke yako."

"Hukuniambia hilo."

"Nilikuwa na nyanya zinaoza, mudogo wangu. Nikasahau."

Mara nne aliyapika kwenye sufuria ya mama yake, akayala peke yake, akilalamika hayana chumvi.



"Kaka, mwakani tarehe nne Aprili ni Jumapili. Huna nyanya siku hiyo. Njoo ule."

"Sisi tuko mwezi wa kumi! Kuna nini hiyo siku?"

"Maharage."

Salvator akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nitakuja," alisema.

Annonciata alirudi ndani akaweka alama ya shahidi wa pili, ndogo, kwa penseli, pembeni mwa karatasi, karibu na tarehe nne Aprili. Chumbani ana sahani moja. Amebakiwa na miezi sita ya kutafuta nyingine.