Marehemu Aliyekataa Kunyamaza

Kwa miaka tisa Radivoj Šipka alikuwa Inspekta Gavra kwenye televisheni. Kila Jumapili Serbia nzima ilimwona akiwa na koti lake la kijivu, akikunja uso mbele ya maiti na kusema, "Hapa pana jambo." Hata sokoni Kragujevac kina mama walimvuta shati wamweleze nani kaiba kuku wao, naye aliwasikiliza hadi mwisho, kwa sababu hakutaka kuwavunja moyo.

Mimi nilikuwa mpiga picha wa tamthilia hiyo. Nilikuwepo siku alipomwambia mwongozaji, mbele ya watu wote, kwamba kamera imewekwa mahali pabaya. Mwongozaji hakubishana. Wiki iliyofuata, kwenye tamthilia, Inspekta Gavra alitumbukia katika mto Danube, na mwili haukuonekana.

"Afadhali hawajakupata," nilimfariji. "Wanaweza kukurudisha."

"Sirudi, Vida. Natengeneza filamu yangu. Mtayarishaji mimi, mwongozaji mimi."

"Na waigizaji wako utawalisha nini?"

"Desanka ana mjomba."

Desanka ni mkewe. Mjomba wake, Svetozar, alikuwa mjane mwenye shamba la miplamu na nguruwe wa kutosha kushibisha kikosi cha askari. Tulimkuta kibarazani akimenya vitunguu. Radivoj akamsimulia filamu yake: mzee amefariki kijijini, watu wanakuja kumuaga, na kila mmoja anakuja na uongo wake. Svetozar alisikiliza, akatumiminia rakia, pombe yake kali ya plamu, kisha akasema:

"Nyumba nawapa. Nguruwe nawachinjia. Ila marehemu ni mimi."

"Mjomba, kuna mwigizaji wa Belgrade nimeshamwomba."

"Huyo ana nguruwe?"

Desanka alimkanyaga mumewe chini ya meza.

"Basi marehemu ni wewe, mjomba," Radivoj akasema.

"Ahsante, mkwe wangu. Nataka nisikie watakavyonisema. Nikifa kweli nitapitwa."

Tukaanza. Svetozar alilala kwenye jeneza sebuleni, suti ya harusi yake ikimbana tumboni, mishumaa kichwani, na wanakijiji wakaja kuomboleza. Tatizo likawa Radivoj mwenyewe. Kila aliyeingia alimwonyesha jinsi ya kusimama, jinsi ya kuinamisha kichwa, jinsi ya kumtazama marehemu. Nao walimwiga vizuri mno. Hadi mchana nilikuwa nimepiga picha kijiji kizima kikikunja uso mbele ya jeneza, kana kwamba kinatafuta alama za vidole. Hata padri alikunja uso.

"Mbona wanamshuku?" Desanka aliniuliza.

"Mumeo kawafundisha."

Nilipomwonyesha Radivoj zile picha, alizitazama, akaenda kukaa peke yake karibu na banda la nguruwe. Nilimhurumia. Mtu aliyezoea kuwa mbele ya kamera hajui aweke wapi mikono yake akiwa nyuma ya hiyo kamera.

Baada ya chakula ikafika zamu ya Božidar, jirani. Yeye na Svetozar hawakuwa wakisalimiana, nasi wageni hatukuwa na habari. Božidar akavua kofia, akasema maneno aliyopewa:

"Alikuwa jirani mwema." Halafu akaongeza ya kwake. "Aliniazima mtambo wake wa kupikia rakia."

Marehemu akafumbua jicho moja. "Sikukuazima. Uliubeba mwenyewe."

"Kata," Radivoj akasema. "Mjomba, maiti haisemi."

"Basi na huyo asidanganye."

Tukarudia. Safari hii Božidar alifika kwenye "jirani mwema", na jeneza likakohoa.

"Sveto, kama hutaki nikusifu, nitanyamaza," Božidar akasema.

Svetozar akainuka, akakaa kitako ndani ya jeneza, maua yakimporomoka kifuani. "Mtambo uliurudisha una tundu, punda wewe."

"Tundu nililikuta."

"Na Ruža alipofariki hukuja kumzika."

Ruža alikuwa mke wa Svetozar.

"Nilikuja," Božidar akasema, akiigeuzageuza kofia yake. "Nilisimama nje ya geti. Hukuniambia niingie."

Nilisubiri kusikia "kata". Nilihisi mkono wa Radivoj begani mwangu. Hakwenda kumwonyesha mtu yeyote chochote. Alininong'oneza tu, "Usizime."

Svetozar akapangusa maua yaliyobaki kifuani.

"Ungeingia tu, mpumbavu wewe."

"Na yule mbwa wako je, angeniacha?"

Mwanamke mmoja akaangua kicheko, kisha wote, na padri naye, hadi mishumaa miwili ikazimika.

Jioni ile Radivoj alichana kurasa za filamu yake mezani na kuziandika upya: marehemu angesema, na kila mwenye uongo angejibiwa papo hapo kutoka jenezani. Waombolezaji aliwaacha wasimame walivyozoea. Alipotaka kuinuka awaelekeze, Desanka alimrudisha kitini kwa kumvuta mshipi, na siku ya mwisho alikaa bila kuvutwa.

Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha dogo la Čačak. Svetozar na Božidar walikaa mstari wa mbele, wakibishana kwa sauti kuhusu tundu, na watu wakadhani hiyo nayo ni sehemu ya onyesho. Radivoj alikataa kiti. Alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, akitazama visogo vya watu vikicheka.

"Hakuna hata mmoja anayenitazama mimi," aliniambia, na machozi yakamtoka.

Tamasha lilimpa tuzo ya tatu, nayo televisheni ikampigia simu aongoze tamthilia mpya. Alikubali, kwa sharti kwamba mpiga picha niwe mimi. Nikaacha kazi niliyokuwa nayo siku hiyohiyo.