Moshi Ulioteremka Kijitoni

Jumanne, tarehe 14 Januari, mwaka wa 2025, umande ukiwa haujakauka, Santa alisimama juu ya mteremko wa msitu wa misonobari wa Kuluba, karibu na mpaka wa Kongo. Alishika tawi bichi la kupigia moto. Hakuuogopa moto. Moto alikuwa ameuzoea, kwa kuwa huo ulikuwa mwaka wake wa pili wa kuitwa kiangazi kusaidia kuchoma nyasi za kando ya msitu. Alichokiogopa kilikuwa chini bondeni, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Humo alikuwa amelala Jovia, mke wa mwanawe Okuonzi, pamoja na mtoto mchanga wa kike aliyezaliwa Jumapili alfajiri huko Koboko kabla miezi yake haijatimia. Mkunga alipowaruhusu kurudi nyumbani alimshika Santa mkono, akamwambia, "Mama, mapafu yake bado hayajakomaa. Hata moshi wa jikoni usimfikie." Tangu hapo Santa alihamishia mafiga yake nyuma ya ghala, akawa anapikia juani na kumfukuza kila aliyekaribia mlango wa nyumba na kijinga cha moto.

Msimamizi wa kazi aliitwa Acidri, kijana mpole aliyesomea mambo ya misitu Arua. Kila mwaka aliwaeleza wafanyakazi wake jambo lile lile: nyasi zisipochomwa kwa mpango zikiwa bado na unyevu, zitakuja kuchomwa na wawindaji mwezi wa Februari zikiwa kavu kabisa, na msitu wote utaondoka nazo. Lakini aliwaeleza pia kwamba anayechoma ana mizigo miwili, moto na moshi, na kwamba hali ya hewa inayofaa kwa mmoja huenda isimfae mwenzake. Upepo ukiwa mkali, moto hutoroka. Upepo ukikosekana, moto hutulia kama ng'ombe aliyeshiba, lakini moshi hauna wa kuuchukua.

Kwa sababu hiyo, jioni ya Jumatatu Acidri alipita katika nyumba zote za bondeni akiwaomba watu wapande asubuhi hadi kanisani, upande wa pili wa kijito, wakae huko mpaka kazi iishe. Majirani walikubali. Kwa Santa alipokewa na Elena, shangazi yake Jovia, aliyekuja kutoka Manibe kumlea mzazi.

"Mzazi atoke nje siku ya tatu?" Elena aliuliza, akasimama mlangoni kwa upana wake wote. "Mtoto wa kike hutolewa siku ya nne. Wewe kijana, mama yako alikutupa nje siku gani, hata ukasahau?"

"Shangazi, ni asubuhi moja tu. Kanisani kuna mikeka, kuna kivuli."

"Sikupanda gari kutoka Manibe kuja kuvunja desturi kwa ajili ya nyasi zako."

Acidri alimtazama Santa amsaidie. Santa alitazama chini. Elena alikuwa mkubwa wake, tena mkwe, tena mgeni katika nyumba yake; ulimi wa kumpinga mtu wa namna hiyo angeutoa wapi? Acidri akavua kofia, akasema polepole, "Basi, shangazi. Kesho tunatazamia upepo wa kaskazini-mashariki. Ukija, utaupeleka moshi juu ya kile kilima kisicho na watu. Usipokuja, sitawasha."

Maneno hayo ndiyo Santa aliyoyashikilia usiku kucha, na ndiyo aliyoyashikilia hata sasa, akiwa juu ya mteremko, akitazama vilele vya misonobari visivyotikisika.

"Fundi wa upepo!" aliita Hajara, mama wa Koboko mjini aliyeuza nguo sokoni na kuja msituni wakati wa kiangazi. "Upepo yako iko wapi? Imevuka Kongo kuoa?"

Wafanyakazi wakacheka. Acidri naye akatabasamu, ingawa macho yake hayakuondoka angani. Vumbi la Januari lilikuwa limetanda huko juu, lile linaloletwa na kiangazi kutoka mbali na kulifanya jua lionekane kama sahani ya bati. Mtu angeweza kulitazama bila kufumba macho.

Hatimaye upepo ukaja. Misonobari ilianza kunong'ona, na Santa akahisi ubaridi mwepesi kwenye shavu lake la kulia. Acidri alikusanya nyasi chache akaziwasha peke yake kwanza, kama ilivyokuwa kawaida, na wote wakatazama moshi wake. Ulipanda, ukainama taratibu kuelekea kile kilima. Acidri alisubiri, akatazama tena jua, akasita.

"Jua hili bado dhaifu," alisema. "Ardhi ikipata joto ndiyo hewa hupanda na kuubeba moshi. Lakini upepo upo. Tuanze na ukanda wa chini, taratibu."

Mtu aliyebeba kopo la utambi, lenye mafuta yanayowaka, akatembea akidondosha moto. Nyasi zilishika kwa mlio mdogo, na ndimi za moto hazikupita magoti. Santa alitembea pembeni, akipiga kila cheche iliyojaribu kuruka, na kwa muda alijisikia nafuu. Moshi uliondoka kweli. Uliondoka juu ya vichwa vyao kama mgeni anayejua njia.

Kisha shavu lake la kulia likaacha kuhisi ubaridi.

Alisimama. Misonobari ilikuwa imenyamaza. Mbele yake moshi ulipanda wima hadi kimo cha mti mmoja, ukasita, ukatandazika kama chapati juu ya kikaango. Hapo haukwenda kilimani wala haukwenda angani. Ulijikunja, mzito na mweupe, ukaanza kuteremka mteremko taratibu, ukipita kati ya vichuguu na kuingia katika kila kijibonde, kama maji yanayotafuta mto.

"Acidri," Santa aliita. "Acidri! Unashuka!"

Acidri alikuwa ameshauona. "Acheni kuwasha!" alipaza sauti. "Zimeni kingo zote. Katikati msimwage maji, yataongeza moshi; paacheni paungue hadi paishe!" Alimgeukia Santa. "Upepo umekatika. Jua limeshindwa na vumbi. Baridi ya usiku bado imelala bondeni, na joto la juu limeifunika kama kifuniko cha sufuria. Moshi hautoki humo mpaka ardhi ichemke."

"Ichemke lini?"

Acidri aliinua macho kwenye lile jua la bati.

Santa alichomoa simu kifuani, kwa haraka akakosea jina, akarudia. Jovia alipokea akikohoa.

"Mama, nyumba imejaa moshi. Unaingilia juu ya ukuta, chini ya nyasi za paa. Shangazi anasema moto unakuja, anasema twende kwenye maji..."

"Msiende kwenye maji! Jovia, mwanangu, sikiliza. Vukeni, mpande kanisani. Msikae kijitoni, mmesi..."

Sauti ya mwanamke asiyemjua ilimkatiza kwa Kifaransa. Simu ilikuwa imerukia mtandao wa Kongo, kama zilivyozoea kufanya simu za Kuluba. Alipiga tena. Yule mwanamke akarudia maneno yake kwa adabu ile ile.

Santa alitupa tawi, akageukia njia fupi iliyokwenda moja kwa moja nyumbani kwake, lakini njia hiyo ilimezwa na weupe hatua chache tu mbele. Acidri alimdaka kiwiko.

"Usipitie humo, mama. Utaanguka kabla hujafika, kisha tutawatafuta wanne. Zunguka kwa juu ya chanzo cha kijito, utokee upande wa kanisa, ushukie huko. Moto hauko upande ule."

"Ni mbali!"

"Ni mbali, ndiyo. Lakini utafika."

Santa alikuwa karibu kumpiga. Hajara ndiye aliyemshika mkono wa pili akamvuta. "Mama Okuonzi, kimbia. Utamtukana kesho, mimi nitakusaidia. Sasa kimbia!"

Wakakimbia. Njia ya juu ilipita katika shamba la ufuta lililokwisha kuvunwa, na mabua yaliwachoma miguuni. Santa hakuyahisi. Kila alipogeuza uso aliona bonde likizidi kujaa, na aliona kilele cha paa la nyumba yake kikiwa juu ya weupe, kisha akatazama tena asikione. Alijaribu kusali, lakini sala ilimtoka vipande vipande, na kila kipande kilikuwa pumzi ya mtoto. Alifikiri juu ya Okuonzi aliyekuwa Arua kwenye gereji, mikono imejaa grisi, asiyejua lolote. Angemwambia nini? Kwamba alimficha mtoto asisikie harufu ya mchuzi, kisha akapanda mlima kwenda kumshushia moshi wa msitu mzima?

Upande wa kanisa hewa ilikuwa safi kiasi cha kutisha. Majirani walikuwa wameketi kwenye mikeka, wakimenya karanga. Santa alipita katikati yao akiita jina la Jovia. Hakuna aliyekuwa amemwona.

Alishuka. Hajara alifunga kitenge usoni. Santa alisahau hata kufunga. Kwanza moshi ulimfika miguuni, kisha kiunoni, kisha ukamfunika. Macho yalimwaka. Aliinama, akashika ua wa muhogo uliopandwa kando ya njia, akauachia na kuukamata tena, shina kwa shina. Kifua kilimkaza kama kamba iliyoloa.

"Jovia!"

Kilichomtisha kuliko yote ni kwamba hakusikia kilio. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hulia kidogo, alijua, lakini hulia.

Kisha, chini zaidi, akasikia mtu akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti iliyokatikakatika kwa kikohozi. Akaifuata.

Elena alikuwa ameketi ndani ya kijito, maji yakimfika mapajani, amemkumbatia mtoto aliyefungwa katika nguo iliyolowa. Jovia alipiga magoti ukingoni, kichwa kimeinama, akitapika. Moshi ulikuwa mzito hapo kuliko mahali popote. Ulitiririka juu ya maji kama kijito cha pili.

"Shangazi, inuka! Tupande!"

"Moto hauvuki maji," Elena alisema. Macho yake yalikuwa yamefumbwa, na machozi meusi yalimtiririka. "Hapa ndipo salama. Tangu utoto wangu nimeambiwa. Moto hauvuki maji."

"Moto haupo hapa, shangazi. Uko kule juu, umeshapoa. Kinachotuua ni moshi, na moshi hufuata maji."

"Nikimtoa mtoto kabla ya siku ya nne..."

"Ameshatoka!" Santa alipiga kelele, na kelele yake ikamtisha yeye mwenyewe. "Shangazi, ameshatoka! Nipe!"

Hakungoja. Aliingia majini, akanyoosha mikono, akamtoa mtoto kifuani pa mkwe wake mkubwa kama mtu anyang'anyavyo. Elena hakushindana. Mtoto alikuwa mwepesi mno. Santa alimvua ile nguo iliyolowa, akamwingiza ndani ya blauzi yake, ngozi kwa ngozi, na hakuhisi kitu kikisogea.

"Hajara, mshike Jovia. Shangazi, shika sketi yangu. Usiiachie."

Wakapanda, Santa mbele na Elena nyuma yake akivuta sketi kama mtoto anayefundishwa kutembea. Mara mbili Elena alianguka, na mara zote mbili Santa alisimama kumngoja, ingawa kila kiungo cha mwili wake kilimwambia amwache. Alipumua kwa pua, kidogo kidogo, akamfunika mtoto kwa kidevu chake. Nuru ilianza kuwa njano, kisha nyeupe, kisha vichwa vyao vikatoka juu ya moshi kama vichwa vya waogeleaji.

Alipofika kwenye mikeka alipiga magoti, akafungua blauzi. Midomo ya mtoto ilikuwa ya samawati. Mtu alianza kulia kilio cha msiba, na Hajara akamgeukia kwa ukali: "Nyamaza! Nani amekuambia hapa iko matanga?" Santa aliusugua mgongo ule mdogo kwa vidole viwili, kama alivyowahi kuona mkunga akifanya. Alisugua. Aliita kwa sauti ndogo, bila jina, kwa kuwa mtoto alikuwa bado hajapewa. Alisugua tena.

Mtoto alikunja uso. Alikohoa kikohozi kama cha paka, akavuta hewa kwa mlio wa kukwaruza, na akalia. Kilikuwa kilio chembamba, chenye hasira.

Acidri aliwasili na pikipiki yake, majivu kichwani. Hakuomba radhi kwanza. Alimpakia Jovia na mtoto, Hajara nyuma yao wa kuwashika, akaenda Koboko kwa mwendo ambao hakuwahi kuwaruhusu wafanyakazi wake. Santa na Elena walibaki kwenye ukingo wa mteremko. Walisubiri simu, na kila pikipiki iliyosikika mbali iliwasimamisha.

Simu ilikuja alasiri. Mtoto alikuwa amewekewa hewa ya mtungi, midomo ilikuwa imerudi rangi yake, na daktari alisema atakaa naye siku kadhaa kabla ya kutoa neno la mwisho. Santa alimweleza Elena. Mama yule mkubwa alijifunika uso kwa kitenge, kisha akaufunua.

"Mwambie yule kijana," alisema, "mwaka ujao nitakuja kabla hajawasha. Nitapita naye mlango kwa mlango. Atakayesema habari ya desturi, aniachie mimi."

"Na upepo ukiwa mzuri?"

"Hata ukiwa mzuri. Umeona jinsi unavyofa."

Ewe uliyesoma habari hii, usikae nayo peke yako. Mpelekee ndugu au jirani anayeishi bondeni, na asiyejua kusoma umsomee: moshi wa msitu ukishuka asubuhi isiyo na upepo, asikimbilie kijitoni. Achukue watoto na wazee, apande upande usio na moto, mpaka aone anga.