Beringi Iliyolala na Samaki

"Nimesema nyundo hiyo isiguse gari langu, Werema. Hii ni mara ya tatu."

"Mama Gody, kazi hii nimeianza wewe ukiwa bado unavaa sare ya shule. Beringi sisi tunagongaga. Ukiipiga vizuri inaingia yenyewe."

"Ile ya Jumanne uliipiga vizuri. Alhamisi ikaanza kunguruma kama mzinga wa nyuki. Iko wapi leo?"

Fundi Werema akatazama pembeni. Ilikuwa kwenye kopo la vyuma chakavu, imepasuka, na wote wawili walijua.

Wakati wanabishana hivyo uani kwa Rhobi, ndiye mama Gody, huko Bweri, gari lake dogo jeupe lilikuwa juu ya matofali, gurudumu moja la mbele likiwa limefunguliwa. Beringi mpya haikuwepo hapo. Ilikuwa ndani ya friza ya jikoni tangu jana, imefungwa mifuko miwili isiingie unyevu, imelazwa katikati ya sato. Rhobi alikuwa na stashahada ya maabara, na alijua kwamba chuma kikipoa sana hunywea. Hunywea unene wa unywele tu, lakini unywele huo unatosha.

"Chuma kulala na samaki," Werema akanung'unika. "Itanuka sato mpaka Bunda."

"Inuke. Haiendi Bunda, inaenda Butiama."

Na hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Kule Mwitongo, Butiama, mama yake Rhobi alikuwa anasubiri, mizigo imefungwa. Mwezi wa nne alianguka zizini asubuhi, akalala pale chini hadi ng'ombe waliporudi jioni. Tangu siku hiyo Rhobi alikuwa akimwambia ahamie Bweri. Alimwambia kwa simu, akamwambia mlangoni mwa kanisa, akamwambia hata msibani. Juzi tu mama akasema haya, njoo Jumamosi. Leo ikipita, hatakubali tena.

Ilikuwa inakaribia saa nne. Rhobi aliinama kumimina maji ya moto kwenye nyumba ya beringi, kile chuma kizito chenye tundu, ambacho walikuwa wamekifungua garini na kukilaza juu ya gunia. Beringi inywee kwa baridi, tundu litanuke kwa moto. Simu ikaita. Mikono yake ilikuwa na birika, kwa hiyo Werema akapokea.

"Shikamoo mama... Hapana, bado hatujatoka... Beringi imelala. Eeh, imelala tangu jana." Akaitazama simu. "Amekata. Anasema basi anafungua mizigo."

"Umemwambiaje?"

"Kwamba imelala. Si imelala kwenye friza?"

Rhobi akafumba macho. Mama yake hajui beringi ni nini. Anachojua ni kwamba gari likilala, limeharibika na safari hakuna. Akaweka birika chini, akapiga. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena, vilevile.

"Sasa tuigonge tu, mama Gody. Dakika mbili, uondoke."

"Kausha hilo tundu, halafu ukae kimya."

Alipofungua friza, baridi ilimwagika juu ya miguu yake kama ukungu unaotoka ziwani. Alipoitoa beringi kwenye mifuko, ilikuwa imeota weupe, na moshi mwembamba ulipanda juu yake ukijikunjakunja. Aliibeba kwa kitambaa kikavu, haraka lakini bila papara, kama anayebeba kitoto kilicholala. Kuku walikuwa wamenyamaza. Redio ya jirani ilisikika mbali sana, kana kwamba inaimba chini ya maji. Akaiweka kwenye mdomo wa tundu, akainyoosha kwa ncha za vidole, akaachia.

Ikashuka. Haikulia wala kukwama. Ilizama taratibu kama mtu aliyechoka anavyoketi kwenye kitanda chake mwenyewe, ikafika chini kwa sauti moja ndogo.

Werema alikuwa amevua kofia bila kujua. "Haijaomba hata kofi," akanong'ona.

"Funga gurudumu," Rhobi akasema.

Saa sita alikuwa barabarani. Gari halikunguruma. Mawe makubwa na mashamba vilipita dirishani bila sauti, na ikamjia kwamba yeye amekaa tu, ni barabara inayotembea. Maneno aliyokuwa amempangia mama yake yalikuwa mengi na makali. Kila alipokunja kona, machache yalidondoka.

Mwitongo alikuta kamba ya uani imejaa. Nguo zote za mama zilikuwa zimetolewa kwenye mizigo na kuanikwa, hata zile safi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimeambiwa limelala."

"Ilikuwa beringi, mama. Kifaa cha gurudumu. Nilikiweka kwenye friza."

"Pamoja na samaki?"

"Pamoja na samaki."

Mama akacheka hadi akashika kiuno. Kisha akafuta macho. "Nisikudanganye, Rhobi. Niliposikia imelala, nilifurahi."

Rhobi akafungua mdomo. Panda gari, mama. Neno hilo alikuwa amelisema tangu mwezi wa nne, kila mara kwa nguvu zaidi. Akalimeza.

"Unaogopa nini kwangu?"

"Siogopi kitu. Wewe ukiamuaga jambo, mtu hapati hata siku moja ya kulizoea."

Upepo ukapita kwenye kamba. Gauni la kanisani likajaa, likainuka, likatulia.

Rhobi akatoa simu. "Baba Gody, leo sirudi. Wala kesho. Likizo yangu ya kazini naianza leo, siku zote kumi na nne, hapa kwa mama. Ugali unajua kusonga." Akakata kabla hajajibiwa.

Akauweka ufunguo wa gari kwenye kiganja cha mama yake, akamkunja vidole.

"Kaa nao. Siku ukiwa tayari, utanipa."

Kisha akavua viatu, akaingia ndani kutafuta kitenge cha kubadili.